Mtu wa Kupigiwa Simu

Fomu ya kituo cha watoto ilikuwa na kurasa nne, na Mama Bosi alikwisha kujaza tatu na nusu kwa mwandiko wake wa kujikaza, ule wa herufi zinazosimama wima kama zinapigwa picha. Jina la mtoto. Tarehe ya kuzaliwa. Chanjo zote na siku zake. Anachopenda kula, asichopenda, kinachombembeleza, kinachomliza. Hapo kwenye kinachomliza alitamani waongeze karatasi, maana Bosi, pamoja na kuwa na miaka miwili na nusu tu, alikuwa na orodha ndefu ya mambo asiyoyakubali, na kuvalishwa kofia kuliongoza. Jina lenyewe la Bosi alipewa na baba yake, kwa sababu tangu aanze kusema hajawahi kuomba kitu. Anaamuru.

Chini kabisa ya ukurasa wa nne palikuwa na kisanduku kimoja kitupu.

"Mtu wa kupigiwa simu mzazi asipopatikana. Asiwe mzazi. Aishi karibu. Aweze kufika ndani ya nusu saa."

Kisanduku hicho kilikuwa kinamtazama tangu Jumatatu, na leo ni Jumatano. Karani wa kituo alimwambia kwa tabasamu zuri kabisa, tabasamu la mtu asiyebadilisha neno: fomu irudi Ijumaa kabla ya saa kumi jioni ikiwa imekamilika, la sivyo nafasi anapewa mtoto mwingine aliye kwenye foleni. Na Bosi akikosa nafasi, mama yake hana kazi. Jumatatu inayokuja, saa saba na nusu mchana, alitakiwa awe ameketi mbele ya cherehani kwenye karakana ya mapazia, kiti cha tatu kutoka dirishani. Alikwisha kuonyeshwa hadi ndoano ya kutundikia koti lake.

Walikuwa wamefika nchi ile miezi minne nyuma, kwa ajili ya kazi ya mumewe, fundi wa kreni. Mume alikuwa mtu tangu siku ya kwanza: ana kofia ngumu, ana mkataba, ana wenzake wa kumwita kwa sauti toka ng'ambo ya uwanja. Kazi yake ilikuwa mji mwingine, anaondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa jioni. Mama Bosi yeye alikuwa na mtoto, jiko la umeme lenye vitufe kumi na moja, na dirisha. Siku alipopata ile kazi ya mapazia alicheza jikoni peke yake mpaka Bosi akamwamuru aache.

"Sasa wewe unashindwa kujaza jina moja?" dada yake alimwuliza kwenye simu. Dada alikuwa nyumbani, mbali huko, na nyuma yake zilisikika sauti za watu wanne wakizungumza wote kwa pamoja. "Huku kwetu wewe ungemaliza wino. Mama mdogo, shangazi, mjomba, jirani wa ukuta wa kulia, jirani wa ukuta wa kushoto, na yule wa nyuma asiyeulizwa lakini angekuja tu."

"Dada, sina mtu."

"Miezi minne, Bi Ng'ambo! Miezi minne unaishi kwenye jumba la vyumba ishirini, huna mtu? Unawasalimia kweli?"

"Nawasalimia. Wanaitikia. Halafu wanaingia ndani."

"Na wewe unafanya nini?"

"Na mimi naingia ndani."

Dada akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Basi mko sawa. Kesho nao watakuwa wanampigia dada yao simu kumwambia kuna mgeni huku, akisalimiwa anaingia ndani."

Si kwamba hakufikiria. Alipita kichwani ghorofa moja baada ya nyingine kama mtu anayetafuta ufunguo. Vijana wa juu hawajulikani wanalala saa ngapi. Wengine wote wanatoka asubuhi, wanarudi jua limezama. Mwalimu wake wa darasa la lugha la Jumanne jioni alikuwa mwema mno, lakini anakuja na treni kutoka mbali. Na isitoshe mwalimu huyo alikuwa amewafundisha kusema "paka yuko chini ya meza" kwa namna tatu tofauti, na hakuna hata namna moja ya kumwambia mtu: nisaidie.

Aliyebaki ni mmoja tu. Mlango unaotazamana na wake aliishi dereva wa basi, mwanamke wa makamo, mrefu, mabega mapana kama kabati, anayetoka gizani na kurudi saa saba mchana bila kukosa. Mama Bosi alijua kwa sababu alizijua hatua zake: nzito, moja, mbili, funguo, mlango. Mchana wote dereva huyo yuko nyumbani, ng'ambo ya korido, hatua sita. Mtu wa kufaa kuliko huyo asingeweza kuchongwa hata na seremala. Tatizo ni kwamba katika miezi minne walikuwa wamesemezana "habari" na "nzuri" tu, na mara moja dereva alisema "lifti imeharibika," nayo Mama Bosi aliitunza sentensi ile kama zawadi.

"Mwombe," alisema dada.

"Ghafla tu? Nikamgongee mlango mtu ambaye hatujazoeana, nimwambie mbebe mwanangu shingoni?"

"Aa, ghafla hapana. Mwanzie mbali. Mfanyie wema kidogo kwanza, akuone mtu. Halafu ndiyo uombe."

Na kama vile wema huwa unasubiri pembeni uitwe, alasiri ile ile ukajitokeza.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jumba, na mashine mbili za watu wote. Mama Bosi aliposhuka na kapu lake, mwana kiunoni, akakuta mashine moja imeharibika na nyingine imekwisha kufua kitambo, nguo za mtu zimo ndani, mbichi, zimejikunja kama zimekata tamaa. Akasubiri. Akaimba nyimbo mbili. Akafungua mlango wa mashine kuchungulia: mashati ya buluu yenye beji ya basi mfukoni. Za dereva! Bila shaka ameitwa kazini ghafla, akafikiri, maskini, na nguo zikikaa hivi hadi kesho zitanuka.

Sasa pale alipokulia yeye, wingu likitanda, mtu yeyote aliye karibu na kamba anaanua nguo za uani mwote, zake na zisizo zake, na hakuna anayeuliza. Asiyeanua ndiye anayeulizwa. Kwa hiyo mkono wake haukusita hata kidogo. Alizitoa nguo zote, akazikausha, akapanda nazo nyumbani, akatandika blanketi mezani, akapiga pasi. Alipiga pasi mashati sita mpaka kola zikasimama zenyewe. Alipiga pasi suruali, mstari mbele, mstari nyuma. Alipiga pasi soksi. Na zile nguo ambazo hazitajwi mbele za watu alizikunja vizuri, akazipanga kwa rangi. Akatia vyote kwenye mfuko safi, akautundika kwenye kitasa cha mlango wa dereva, akarudi kwake ananyata, anatabasamu peke yake kama aliyemwachia bibi harusi zawadi.

Alhamisi mchana aliposhuka tena, kwenye mlango wa chumba cha kufulia palikuwa na karatasi imebandikwa kwa gundi, pembe zote nne. Herufi kubwa. Darasa la Jumanne lilimtosha kuisoma yote bila kamusi.

"KWA ALIYECHUKUA NGUO ZANGU. SIKUKUOMBA. USIRUDIE."

Aliisoma mara tatu, kila mara akitumaini itabadilika.

"Nini?" aliuliza Bosi, akiinyooshea kidole.

"Hakuna kitu, mwanangu. Tangazo tu."

"Soma!"

"Linasema mama yako ana kichwa kibovu. Twende."

Jioni ile dada alipofikishiwa habari alikaa kimya sekunde nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea. Halafu akauliza taratibu, "Mpaka zile za ndani?"

"Nilizipanga kwa rangi, dada."

"Ee Mola wangu." Na hapo kicheko kikapasuka, na nyuma yake vingine vinne, maana kumbe wote walikuwa wanasikiliza.

Mume naye, kutoka huko kwenye kreni zake, hakusaidia. "Mke wangu," alisema, "mimi tangu tuoane hujanipigia pasi soksi hata siku moja. Huyo dereva ana nini?"

"Endelea kucheka. Jumatatu utakaa wewe na mwanao, mimi niende kwenye mapazia."

Akaacha kucheka. "Hakuna mwingine kabisa?"

"Hakuna."

"Hajui kama ni wewe, si ndiyo? Basi nenda kamwombe. Hilo la nguo nyamaza nalo."

Lilikuwa wazo zuri, na Mama Bosi alilala nalo, akaamka nalo. Ijumaa dereva alirudi saa saba. Moja, mbili, funguo, mlango. Lakini safari hii funguo zilichukua muda, na kikasikika chuma kipya kikigoma. Mama Bosi, jicho kwenye tundu la mlango wake, alijiambia: nimwache apumzike kidogo. Saa nane akajiambia: nimwache ale. Saa nane na nusu Bosi, aliyechoka kuvalishwa na kuvuliwa viatu, akaamuru, "Toka!" Basi wakatoka. Fomu mkononi, mtoto kiunoni, hatua sita, kengele.

Mlango ukafunguka upana wa uso. Dereva alikuwa na miwani juu ya paji na ndara miguuni.

Alikuwa ameandaa sentensi moja, ameifanyia mazoezi mbele ya kioo, haina kosa hata moja. Lakini kwanza salamu, bila shaka. Huwezi kumrukia mtu na shida kabla hujamjulia hali.

"Habari za mchana?"

"Nzuri."

"Za tangu jana?"

Dereva akamtazama. "Nzuri."

"Na kazini? Habari za kazi?"

"Kazi ipi?"

"Ya… basi. Habari za basi?"

Dereva alishusha miwani kutoka kwenye paji hadi puani, ili amwone vizuri mtu anayeuliza. "Unataka kujua habari za basi?"

Mama Bosi aliitikia kwa kichwa, maana aliyeuliza hawezi kusema hapana. Kwao jibu la swali hilo lina neno moja, nalo ni lile lile siku zote, hata kama basi limepinduka. Alikuwa amekwisha kufungua mdomo kupokea hiyo "nzuri" na kuendelea.

"Mlango wa nyuma haufungi," alisema dereva. "Tangu Jumatatu. Nimeandika ripoti tatu." Akaufungua mlango wake wote. "Ingia. Hapa koridoni siwezi kukueleza."

Ndani palikuwa pasafi, pana kiti kimoja mezani na kingine kimewekwa ukutani nyuma ya mlango. Dereva alikivuta hicho cha pili, akamkalisha. Kisha akaeleza. Alieleza kwamba mlango wa nyuma ukifungwa wakati wa baridi unafunguka wenyewe kiasi cha kiganja, na basi lenye mlango wazi haliruhusiwi kuondoka, na abiria wanamlaumu dereva. Alieleza habari za kona ya tatu baada ya kituo kikuu, pale lori la mikate linapoegesha. Kwa kuwa maneno hayakutosha, alileta sinia na vijiko: hiki ni basi, hiki ni lori, hii hapa ni nguzo.

"Leta!" alisema Bosi, akielekeza kidole kwenye lori la mikate.

Dereva hakujua neno hata moja la Kiswahili, lakini amri aliielewa. Akampa. "Sasa hakuna lori," alisema, na kwa mara ya kwanza uso ukalegea upande mmoja. "Laiti angekuja pale kwenye kona."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika tano. Kituo cha watoto ni mwendo wa dakika kumi. Bado pana nafasi, Mama Bosi alijipa moyo, akivizia mahali pa kuingizia sentensi yake, kama mtu anayevuka barabara ya magari mengi. Mara dereva akavuta pumzi. Sasa! Lakini mdomo, ambao miaka yote umezoea njia yake, ukateleza wenyewe:

"Poleni sana. Na hapa nyumbani? Hamjambo?"

"Ni mimi tu hapa."

"Na afya?"

Alitamani aung'ate ulimi. Dereva alikuwa amekwisha kuvuta ndara pembeni na kupandisha suruali kuonyesha goti. Goti lile lilikuwa na historia. Lilianzia kwenye klachi za mabasi ya zamani, likapita kwa madaktari wawili ambao hawakupatana, likafika kwenye mafuta ya kuchua aliyotumiwa na mdogo wake, ambaye siku hizi hapigi simu, si kwa ugomvi, ni basi tu, watu wanaacha. Hakulia wala hakulalamika. Alisema kama anavyotangaza vituo. Na Mama Bosi, roho juu, saa tisa na dakika ishirini, akagundua kwamba kwa dakika nzima alikuwa amesahau fomu, alikuwa anasikiliza.

"Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za basi," alisema dereva. "Watu wanauliza kwa nini limechelewa."

Kumkatisha mtu anayesimulia goti lake mwenyewe ni utovu wa adabu usio na jina. Kama mama mkwe angesikia! Lakini saa ilikuwa inakimbia, na mapazia yalikuwa yanakimbia nayo.

"Samahani," alisema Mama Bosi, kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. "Samahani sana. Nimekuja kuomba."

Akaweka fomu mezani, katikati ya basi na nguzo, kidole kwenye kisanduku kitupu. Ile sentensi nzuri ya kwenye kioo ilikuwa imetoroka. Alisema vipande vipande: mtoto, mchana tu, mimi kazini, mume mbali, labda hawatapiga kamwe, lakini lazima jina. Leo. Saa kumi.

Dereva alisoma ukurasa mzima, hata maandishi madogo ya chini. "Kila mchana nipo," alisema. "Nusu saa ni nyingi, nafika kwa dakika kumi. Na hili goti, kumi na mbili." Akanyoosha mkono. "Kalamu."

Kalamu ilikuwapo, mkononi mwa Mama Bosi. Haikutoka.

Angempa tu, yangekwisha. Lakini alimtazama mwanawe aliyekaa sakafuni, kijiko cha watu mdomoni, ametulia kwenye nyumba hii kama yuko kwa shangazi yake. Mtu atakayepigiwa simu kuja kumbeba huyu, akafikiri, ni lazima ajue ni mtoto wa nani.

"Nguo," alisema. "Zile nguo zako. Ni mimi."

Dereva hakuelewa, kisha akaelewa. Mkono wake ukarudi polepole.

"Wewe?"

"Mimi."

"Nimebadilisha kufuli," alisema dereva. "Nilidhani ni kichaa. Siku mbili nalala na kiti kimegemea mlango." Na Mama Bosi akatambua kile kiti kilikuwa wapi walipoingia, ndicho hicho alichokikalia. "Nilijiuliza ni mtu gani anachukua nguo za mwenzake, na halafu anazirudisha nzuri kuliko zilivyokuwa! Mwizi ninamwelewa. Huyu sikumwelewa. Ulikunja mpaka…"

"Mpaka hizo."

"Kwa rangi!"

"Kwa rangi. Nisamehe."

"Kwa nini?"

Uso ulikuwa unawaka moto, lakini alikwisha kuingia majini, akaendelea kuoga. "Zingenuka. Hiyo ni moja. Na nyingine, nilitaka unione mtu mwema. Kabla sijaomba."

Dereva alikaa akilipima jambo hilo, kama anavyopima kona. "Kwa hiyo," alisema hatimaye, "uliniogopesha siku mbili ili nikupende."

"Ndiyo."

"Na leo? Haya ya basi, ya goti. Nayo yalikuwa ya namna hiyo?"

Hilo ndilo lililomchoma. Alitafuta maneno, na kwa bahati mbaya yaliyokuja yalikuwa ya kweli. "Mwanzo, ndiyo. Ni salamu tu. Kwetu mtu anasema nzuri, basi. Wewe ukajibu." "Halafu nikataka kujua kama walitengeneza ule mlango."

"Hawajatengeneza."

"Washenzi," alisema Mama Bosi. Hilo neno hawakufundishwa darasani. Alilipata kituo cha basi.

Kilichotokea kwenye uso wa dereva hakikuwa tabasamu kamili, lakini kilikuwa kwenye njia hiyo hiyo. "Kwenu huko," aliuliza, "mtu akitaka kitu, anafanyaje?"

"Anaanzia mbali."

"Mbali kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Wewe umeanzia mlango wa nyuma wa basi! Umepita kona ya tatu, ukapanda hadi kwenye goti langu, na ulitaka jina tu." Akaichomoa kalamu mkononi mwa Mama Bosi, akajaza jina na namba, akasimama; goti likalia kwa sauti, naye akalitukana. "Saa ngapi? Tisa na dakika thelathini na nane. Viatu vyangu viko wapi? Sikia: nguo zangu usiguse."

"Sitagusa."

"Hata zikinuka."

Hiyo ilikuwa ngumu zaidi. "Hata zikinuka," alisema Mama Bosi, kwa uchungu.

Walishuka ngazi, maana lifti ilikuwa imeharibika tena. Dereva alimbeba Bosi begani bila kuuliza, na Bosi, asiyekubali kubebwa na mtu, alishika masikio yake yote mawili na kuamuru, "Kimbia!" Dereva hakukimbia, lakini alitembea kwa hatua za mtu mwenye ratiba, na barabarani magari yalimpisha kwa mazoea. Mama Bosi alihema nyuma yao, fomu kifuani, akifikiri kwamba kama kuna mtu aliyemjua angewaona sasa, angemwuliza wanakwenda kuzima moto wa nani.

Saa tisa na dakika hamsini na mbili walikuwa mbele ya dirisha. Karani wa kituo alikuwa amekwisha kuweka mkoba wake juu ya meza. Alipokea fomu, akatabasamu tabasamu lake, akapitisha kalamu juu ya visanduku kimoja kimoja. Jina, lipo. Namba, ipo. Anuani, mlango unaotazamana. Kalamu ikasimama.

"Uhusiano na mtoto. Hamkujaza."

Walitazamana. Mama Bosi alikuwa na maneno saba ya kumwita mwanamke kama huyu, kila moja na heshima yake, mama mkubwa likiwa la kwanza, lakini yote yalikuwa ya Kiswahili na kisanduku kilikuwa kidogo.

"Jirani," alisema dereva.

"Hapa kuna ndugu, rafiki, au mwingine."

"Mwingine ni nani?"

"Asiye ndugu wala rafiki."

Dereva akachukua kalamu. Alifikiri kwa muda uliomzeesha Mama Bosi miaka miwili. Bosi, kutoka juu begani, akamgonga utosini kwa kijiko ambacho hakuna aliyejua kwamba ametoka nacho. Dereva akaweka alama kwenye "rafiki", kubwa, yenye kupita nje ya mistari, na kurudisha karatasi.

"Vema," alisema karani. "Sasa, kwa utaratibu wetu, ni lazima nimpigie mhusika kuhakikisha kwamba namba inafanya kazi na kwamba anakubali."

"Mhusika ni mimi. Nimesimama hapa."

"Ni utaratibu."

Karani akabonyeza namba, taratibu, tarakimu baada ya tarakimu. Kwenye koti la dereva simu ikalia. Dereva aliitoa, akaitazama, akaiweka sikioni. Kati yao palikuwa na kioo na upana wa meza.

"Haloo," alisema karani.

"Haloo."

"Napiga kutoka kituo cha watoto. Wewe ni mtu wa kupigiwa simu kwa ajili ya mtoto huyu?"

"Ndiye mimi."

"Ukipigiwa, utakuja?"

Mama Bosi alikuwa amelishika dirisha kwa mikono miwili. Hakuwa na sala ya jambo hili, kwa hiyo alisali zote alizozijua kwa pamoja.

"Nimeshakuja," dereva aliiambia simu.

"Naomba ujibu ndiyo au hapana."

"Ndiyo."

Karani akashusha simu, akachukua muhuri, akaupulizia pumzi, akaugonga juu ya ukurasa wa nne.